Kwa Jina la Hujaji

Katika milima ya Garhwal, kaskazini ya Bara Hindi, hapana mtu anayetajwa mara nyingi kuliko hujaji, wala hapana anayeulizwa mara chache kuliko yeye. Barabara ikipanuliwa, hupanuliwa kwa ajili yake. Baruti ikilipuliwa ubavuni mwa mlima, hulipuliwa ili yeye apite. Hoteli ya ghorofa nyingi ikisimamishwa juu ya udongo usioweza kuchukua hata nyumba ya ghorofa mbili, mwenye hoteli husema kwamba hujaji sharti apate pa kulala. Jina lake limekuwa kama muhuri: likigongwa juu ya karatasi, hapana athubutuye kusoma kilichoandikwa chini yake. Makala haya yanakusudia kukisoma.

Mji unaohusika ni Joshimath, katika wilaya ya Chamoli, jimbo la Uttarakhand. Umekaa mteremkoni, kiasi cha mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, karibu na mahali mto Dhauliganga unapoingia katika Alaknanda. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu humo watu wasiotimia 17,000. Kwa hesabu ya watu ni mji mdogo. Kwa hesabu ya heshima ni mkubwa. Mapokeo ya Wahindu yasema kwamba Shankara, mwanachuoni aliyezaliwa Kerala, aliweka hapa mojawapo ya vyuo vyake vinne vya kulinda dini katika pembe nne za nchi; vingine viko Sringeri kusini, Puri mashariki na Dwarka magharibi. Humo mna hekalu la Narasimha, yaani Vishnu katika umbo la mtu mwenye kichwa cha simba. Na hekalu la Badrinath, lililo mbele kilomita 45 hivi, juu zaidi ya mita 3,000, linapofungwa mwezi wa Novemba kwa ajili ya theluji, kiti cha Shankara huteremshwa kwa maandamano mpaka Joshimath, kikangoja humo hata milango ya Badrinath ifunguliwe tena mwezi wa Aprili au Mei. Kuhani mkuu wa Badrinath, aitwaye Rawal, kwa desturi hutoka katika Wabrahmani wa Nambudiri wa Kerala. Mlinzi wa hekalu la theluji, basi, ni mtu wa nchi ya minazi. Na msomaji aliyezaliwa pwani ataweza kukisia baridi ile ilimfanya nini mtu huyo mwaka wake wa kwanza.

Desturi hii ya kufunga na kufungua haikuwa jambo dogo. Kwa nusu ya mwaka mlima uliachwa peke yake. Hapana aliyekwenda juu, wala hapana aliyeona kwamba amedhulumiwa kwa kuzuiwa. Mungu mwenyewe alihesabiwa kuwa amepumzika, na mwanadamu alipumzika naye.

Zamani hujaji alikwenda kwa miguu. Alianza Haridwar au Rishikesh, mahali mto Ganga unapotoka milimani kuingia bondeni, akafuata maji kinyume cha mkondo wake kwa majuma kadhaa. Njiani mlikuwa na vituo vilivyoitwa chatti, kimoja baada ya kimoja, kwa kadiri ya mwendo wa mtu aliyechoka. Kituo kilikuwa mabanda tu na duka. Mwenye duka hakutoza kitu kwa malazi. Alimwuzia msafiri unga, dengu, samli na kuni, akampa na vyombo vya kupikia, na kwa faida hiyo akaishi. Mtawa mmoja wa karne ya 19, ajulikanaye mpaka leo kwa jina la Kali Kamli Wala, yaani mwenye blanketi jeusi, aliomba sadaka za matajiri wa mabondeni akawajengea maskini nyumba za kulala njia nzima. Fedha ya hujaji iliachwa kidogo kidogo katika vijiji vingi, isimiminike yote katika mlango mmoja.

Haifai kuipamba safari ile kuliko ilivyokuwa. Wengi walikufa njiani. Kipindupindu kilipanda milimani pamoja na misafara, kikawaua wenyeji waliokuwa hawana safari yoyote. Vizee walianguka majabalini, na aliyevunjika mguu mbali na kituo aliachwa na Mungu wake. Asemaye kwamba hayo yarudishwe hana huruma. Lakini katika lugha ya Kisanskriti mahali pa kuhiji huitwa tirtha, na maana ya asili ya neno hilo ni kivuko, mahali pa kina kifupi ambapo mtu aweza kuuvuka mto kwa miguu. Kivuko chataka mtu alowe. Hujaji wa zamani alijua kwamba njia ilikuwa sehemu ya ibada, na kwamba aliyefika Badrinath hakuwa yule aliyeondoka Haridwar. Juu ya hayo njia ile ilikuwa na faida nyingine ambayo hakuna aliyeipanga: ilipima idadi. Mlima ulipokea watu kwa kadiri miguu yao ilivyoweza kuwaleta, na mvua ya masika ya huko, ianzayo Juni, iliwapunguza zaidi.

Ni nani, basi, aliyeleta barabara? Hapa ndipo jina la hujaji linapoanza kutumiwa vibaya. Nyuma ya Badrinath uko mpaka wa Tibet. Watu wa bonde la Mana na bonde la Niti, waitwao Wabhotia, walivuka mpaka huo kila mwaka na kondoo na mbuzi waliobebeshwa nafaka, wakarudi na chumvi na sufu. Vita vya India na Uchina vya mwaka 1962 viliifunga biashara hiyo kabisa. Baada ya vita serikali ilisukuma barabara za magari mpaka ncha za mabonde, ili askari na mizinga wafike upesi. Hujaji alipanda basi lililokuja nyuma ya askari. Hakuna ubaya katika hilo. Nchi yoyote italinda mpaka wake. Ubaya ni kusema leo kwamba mlima ulikatwa kwa sababu hujaji aliomba.

Wala si kweli kwamba hatari haikujulikana. Mwaka 1939 Heim na Gansser, wanajiolojia wa Uswisi, walipochapisha kitabu chao juu ya Himalaya ya Kati, walieleza kwamba mahali pale pamekaa juu ya maporomoko ya kale. Baadaye nyumba zilipoanza kuonyesha nyufa, serikali iliunda kamati ya watu 18 chini ya kamishna wa Garhwal, M. C. Mishra, nayo ilitoa ripoti yake mwaka 1976. Ilisema wazi kwamba Joshimath haukujengwa juu ya mwamba, bali juu ya rundo la mchanga na mawe lililoporomoka zamani likatulia. Ilishauri majengo mazito yazuiwe. Mawe makubwa yasing'olewe wala kulipuliwa kwa baruti, maana ndiyo yaliyoushika mteremko. Miti isikatwe, bali ipandwe. Na mifereji ijengwe ili maji ya mvua na maji machafu yasinywewe na udongo. Mwananchi asiyejua kusoma angeweza kuyaelewa masharti hayo akisomewa mara moja. Waliojua kusoma walihitaji miaka 47.

Pengine wanawake wa Reni, kijiji kilicho juu kidogo ya Joshimath katika bonde la Dhauliganga, walikuwa wameyaelewa hata kabla ya ripoti kuandikwa. Tarehe 26 Machi 1974 wanaume wao walipokuwa wameitwa mjini kwa jambo la malipo, wakataji miti wakaja. Na Gaura Devi, mjane wa kijijini, akawakusanya wenzake, wakasimama kati ya shoka na miti mpaka wakataji wakaondoka. Jambo hilo lilivuma duniani kwa jina la Chipko, kukumbatia. Walikuwa wameona furiko la Alaknanda la mwaka 1970, wakajua kwamba msitu ukitoka juu, kijiji hutoka chini. Dunia iliwasifu sana. Kisha mabwawa ya umeme wa maji yakajengwa katika bonde lile lile, na tarehe 7 Februari 2021 kipande cha mlima na barafu yake kikaanguka katika mto Rishiganga, furiko likakumba bwawa lililokuwa karibu na Reni na jingine lililokuwa likijengwa Tapovan, likachukua watu zaidi ya 200, wengi wao vibarua.

Kazi hiyo ya Tapovan ina handaki refu la kupitisha maji, lililochimbwa katika mlima huo huo ambao ubavuni mwake mji umekaa. Mwezi wa Desemba 2009 mashine ya kuchimba ilitoboa hazina ya maji iliyofichika ndani ya mwamba, na maji yakabubujika kwa siku nyingi bila kuzuilika. Shirika linalojenga limekana daima kwamba handaki lake lina uhusiano na nyufa za mjini, na wataalamu wengine wametia uzito zaidi katika majengo na ukosefu wa mifereji. Ubishi huo na uendelee katika vyuo. Mtu mwenye ukuta uliopasuka hana haja ya kujua ni jambo lipi kati ya matatu lililomvunjia nyumba, ikiwa yote matatu yalikatazwa mwaka 1976.

Mwezi wa Desemba 2016 ukazinduliwa mradi wa kupanua njia ziendazo katika mahekalu manne makuu ya Uttarakhand: Badrinath, Kedarnath, Gangotri na Yamunotri. Njia hizo, zikijumlishwa, ni kilomita 900 hivi. Kwa sheria ya India barabara kuu inayozidi kilomita 100 sharti kwanza ichunguzwe itayadhuruje mazingira. Mradi ukagawanywa vipande 53. Kila kipande kikawa kifupi kuliko kipimo cha sheria, na uchunguzi ukawa hauhitajiki. Mwanafunzi akifanya hivyo katika mtihani, hufukuzwa.

Mahakama Kuu ya Rufani mjini Delhi iliteua kamati mwaka 2019 chini ya Ravi Chopra, mtaalamu wa mazingira. Kamati ikagawanyika: wachache, mwenyekiti akiwa mmoja wao, walitaka lami ya upana wa mita 5.5, nayo yatosha magari mawili kupishana kwa adabu. Wengi walitaka upana wa mita 10. Septemba 2020 mahakama ilikubali mita 5.5. Ndipo wizara ya ulinzi ikaja mbele ikasema kwamba jeshi lahitaji barabara pana, na tarehe 14 Desemba 2021 mahakama ikaruhusu upana huo mkubwa. Chopra akajiuzulu. Msomaji na aitazame hatua hii kwa makini, kwani ndani yake mna kiini cha neno zima. Mradi ulizinduliwa kwa jina la hujaji. Ulipobanwa mahakamani, hujaji aliwekwa kando kama mwavuli mvua ilipokwisha, akaletwa askari. Kama barabara ilikuwa ya askari tangu mwanzo, kwa nini hujaji alitajwa? Na kama ilikuwa ya hujaji, kwa nini haja yake haikutosha kuitetea? Jibu ni kwamba haja yake haikupata kupimwa. Hakuna aliyemwuliza kama angependa kufika saa tatu mapema, kwa thamani ya mteremko ulioachwa wazi ukimwaga mawe juu ya paa la basi lake kila mvua inaponyesha.

Katika siku za kwanza za Januari 2023 nyufa za Joshimath zilipita kiasi. Maji ya tope yalitoka ardhini katika mtaa mmoja. Hoteli mbili ziliegemeana kama walevi wawili, ikabidi zibomolewe. Majengo zaidi ya 860 yalihesabiwa kuwa na nyufa, na 181 kati yake yalitangazwa kuwa si salama. Magari ya waya yapandayo Auli, mahali pa mchezo wa kuteleza thelujini, yalisimamishwa. Familia zilihamishiwa katika vyumba vya shule na vya hoteli wakati wa baridi kali, zikiacha ng'ombe mazizini na kurudi mchana kuwalisha. Picha za setilaiti zilizotolewa na shirika la anga la India zilionyesha kwamba sehemu ya mji ilididimia sentimita 5.4 katika siku 12. Na serikali ilifanya nini na habari hiyo? Taasisi za wataalamu ziliamriwa zisiseme na waandishi, na picha zile zikaondolewa hadharani. Ripoti zao hazikutolewa kwa watu mpaka Septemba mwaka ule, baada ya mahakama ya jimbo kuuliza kwa nini zinafichwa.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii, yenye hekima kila mahali, haikuwafaa watu wa Joshimath, kwa kuwa wao waliziba. Waliziba kwa saruji, ufa ukafunguka kando. Wakajenga ukuta, ukuta nao ukafuata udongo. Ufa wao haukuanza ukutani. Ulianzia chini, mahali ambapo mwenye nyumba hana amri.

Ipo hadithi ya zamani ambayo wageni waliipenda sana mwaka ule. Yasemwa kwamba mkono mmoja wa sanamu ya Narasimha hukonda mwaka hata mwaka. Siku utakapokatika, milima ya Jaya na Vijaya itakutana na kuifunga njia ya Badrinath, na ibada itahamia mahali paitwapo Bhavishya Badri, Badri ya siku zijazo. Ni hadithi tukufu, na wazee walioitunga yaelekea waliufahamu udongo wao. Lakini kuisimulia badala ya ripoti ya 1976 ni hila. Hugeuza kosa la watu wenye ofisi na mishahara likawa majaliwa. Mkono wa sanamu haukuchimba handaki, wala haukutia sahihi kibali cha hoteli.

Watetezi wa barabara wana hoja ambazo hazistahili kudharauliwa. Wasema kwamba mjamzito wa kijijini ahitaji gari kufika hospitali. Ni kweli, naye afikishwa kwa barabara ya mita 5.5 iliyo wazi kuliko kwa ya mita 10 iliyofungwa na maporomoko. Wasema kwamba mwenyeji aishi kwa msafiri. Ni kweli zaidi, na ndiyo sababu wenyeji wenyewe walipinga njia ya mchepuko ya kilomita 6 hivi, kutoka Helang mpaka Marwari, iliyokusudiwa kupita chini ya mji wao. Ingewakatia wasafiri juu na kuukata mguu wa mteremko chini. Kazi ya njia hiyo ilisimamishwa Januari 2023, wakati nyufa zilipokuwa zimewathibitisha. Wasema tena kwamba watu ni wengi, na haiwezekani kuwazuia. Hapo hawasemi kweli. Mwaka 2022 jimbo liliweka kikomo cha kila siku: watu 15,000 kwa Badrinath, 12,000 kwa Kedarnath, 7,000 kwa Gangotri, 4,000 kwa Yamunotri. Mwaka uliofuata, wafanyabiashara na makuhani wakilalamika, kikomo kiliondolewa, na hesabu ya msimu ikapita milioni 5. Haya yalitendeka miaka kumi tu baada ya Juni 2013, wakati maji ya ziwa la Chorabari yalipoishukia Kedarnath usiku na asubuhi, na watu zaidi ya 5,000 katika jimbo wakafa au wasionekane tena.

Haraka hiyo imekuwa na mafundisho ya ajabu. Tarehe 12 Novemba 2023 handaki la Silkyara, katika njia ya Yamunotri, liliporomoka likawafungia ndani wafanyakazi 41. Mashine kubwa kutoka ng'ambo ililetwa, ikavunjika. Siku ya 17 waliokolewa na wachimbaji maskini waliotambaa ndani ya bomba wakitoa kifusi kwa mikono, kazi ambayo katika migodi ya makaa imepigwa marufuku. Na bado, mwezi wa Machi 2025, serikali imeridhia magari ya waya ya kilomita 12.9 kutoka Sonprayag hata Kedarnath, ili mwendo wa saa 8 au 9 uwe wa dakika 36. Dakika 36 zatosha kunywa chai. Pengine waya utakuwa na madhara machache kuliko baruti, na nyumbu wanaokufa kwa kuchapwa katika njia ile watapumzika; hilo likubaliwe. Lakini hekaluni mlango ni ule ule mmoja, na waya utawamwaga mbele yake watu kwa maelfu kila siku, katika bonde lililokwisha kuzika waliokuwa wachache kuliko hao.

Mwezi wa Juni 2024 mamlaka iliridhia kwamba tarafa ya Joshimath iitwe kwa jina lake la kale, Jyotirmath. Wenye nyumba zilizotiwa alama nyekundu walikuwa wameomba mengine.

Na yaliyoombwa hayahitaji kamati mpya. Kikomo cha mwaka 2022 kirudishwe, kiandikwe katika sheria, kisiwe cha kuondolewa kwa malalamiko ya msimu mmoja. Mifereji iliyotajwa mwaka 1976 ichimbwe kabla ya kipande kingine chochote cha lami kuongezwa. Handaki lisiendelee mpaka watu wasiolipwa na shirika wamelikagua na kutangaza waliyoyaona. Na kati ya Joshimath na Badrinath, kwa miaka mingi, palikuwa na lango: magari yalingojeshwa mjini, yakapanda kundi kwa kundi kwa saa zilizopangwa, na yale ya juu yakashuka kwa zamu yao. Barabara nyembamba ilitosha. Wasafiri waliokosa zamu walilala Joshimath, wakala huko, wakaenda jioni kumsalimu Narasimha, na asubuhi wakaendelea. Lango hilo na lirudishwe. Na hujaji, kwa mara ya kwanza, aulizwe kama ana neno.